Mdogo Wangu na Mwanamume wa Sura ya Tano

Mdogo wangu anaandika vitabu vya mapenzi, na wengi wanaovisoma hudhani ni mrembo mwenye kope ndefu, anakaa kwenye kiti cha manyoya akichezea pete. Mimi dada yake mkubwa, niliyemfunga nepi na kumsuka nywele na kumchapa alipostahili, nawaambia ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake imegandishwa kwa gundi upande mmoja, na akiandika hutoa ulimi nje kama mbuzi aliyeona chumvi. Tunaishi pamoja katika nyumba yangu. Nasema yangu kwa sababu ni yangu.

Hakuolewa. Si kwamba alikosa sura. Ujana wake wote aliumalizia kwenye jengo la simu. Zamani hakukuwa na simu hizi za kubofya. Unanyanyua mkono wa simu, opereta anaitika, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya kwenye tundu. Opereta ndiye mdogo wangu. Kazi yao ilikuwa kuchomeka na kutoka kwenye laini. Yeye alichomeka akabaki. Miaka nenda rudi alisikiliza wapenzi wa mji mzima wakiapiana, wakinuniana, wakiombana radhi. Jioni ananisimulia huku nachambua mchele, sauti kwa sauti, mpaka nikawa najua siri za watu nisiowajua sura. Siku moja nilikuwa sokoni nikasikia mwanamume anataja bei ya viatu, nikashtuka: kumbe ndiye yule anayelia akiachwa. Nikaomba anipunguzie, akapunguza.

Kisha zikaletwa mashine, waya zikang'olewa, maopereta wakarudishwa nyumbani. Mdogo wangu akakaa kimya kama aliyefiwa. Nikadhani ataugua. Asubuhi moja nikamkuta anaandika, ulimi nje, na hajaacha mpaka leo.

Vitabu vyake vyote ni vya enzi zile alizokuwa kwenye waya, enzi za suruali za bugaluu zilizopanuka chini kama kengele na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Vikapendwa. Halafu mchapishaji wake akapiga simu. Bwana yule anazungumza kwa sauti kubwa, kwa hiyo mimi niliyekuwa jikoni nilisikia bila kusikiliza. Alisema wasomaji wamechoka. Wanaume wa kwenye vitabu ni wale wale, wana sauti nzito tamu, basi. Hawana mikono, hawana miguu, hawatoki jasho. Msomaji mmoja ameuliza kama mpenzi wa kitabu kilichopita alikuwa mtu au redio. Kitabu kijacho kikiwa hivyo hivyo, atatafuta mwandishi mwingine.

Mdogo wangu akaja jikoni akakaa juu ya ndoo. "Dada," akasema, "kwani wanaume wakoje?"

Nikamwambia hawafungi mlango wakitoka. Hicho ndicho ninachokumbuka zaidi kwa marehemu mume wangu.

Basi akaanza utafiti. Alizunguka kwa wazee wa mtaa kuwauliza enzi zile mapenzi yalikwendaje. Kila mzee alikula yamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtanashati kuliko wote, suruali yake ikifagia barabara mpaka wafagiaji wakakosa kazi. Ukiwaamini, mji mzima ulijaa vijana warembo na hakuna hata mmoja aliyeota chunusi. Wanawake nao, wenzangu hao, wakaapa hawakuwahi kusema na mvulana kabla ya ndoa. Mmoja aliapa huku akimiminiwa chai na mtoto wake wa kwanza, ambaye sote tunajua alizaliwa wakati maua ya harusi hayajanyauka.

Mimi peke yangu nilimwambia kweli. Aliandika kwamba kijana anamshika binti mkono ndani ya sinema. Nikamwambia haiwezekani. Ndani ya sinema mikono yote miwili ulikuwa umeshikia viatu, na miguu umeipandisha juu ya kiti, kwa sababu ya panya. Akasema panya hawamo katika mapenzi. Nikamwambia wewe hukuwa kwenye sinema, ulikuwa kwenye waya. Hatukusemeshana mpaka chakula cha jioni.

Ndipo sinki la jikoni likaziba, akaitwa Fundi Bomba.

Fundi Bomba ni mtu wa mtaa wa nyuma, amefiwa na mke, binti zake wameshaolewa wakaenda zao. Mrefu, mkimya, kichwani nywele zimebaki pembeni tu kama uzio. Aliingia chini ya sinki na spana yake, na mdogo wangu akasimama kutazama. Nikaona anatumbua macho. Akamwambia, "Fundi, hebu likaze tena hilo, polepole." Fundi akakaza polepole. "Sasa futa jasho kwa mkono wa shati." Akafuta. "Sasa nitazame kama mtu uliyenitafuta siku nyingi."

Fundi akatoa kichwa, akamtazama, akanitazama mimi. "Mama, huyu ni mzima?"

Nikamwambia ni mwandishi.

Akaelezwa kwamba kinatafutwa kiwiliwili cha kijana wa enzi za bugaluu, na yeye anacho. Malipo ni chai. Akakubali. Kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Sinki lenyewe lilikuwa limeshapona, lakini kila akija lazima kwanza alitazame kama mgonjwa aliyelazwa, kisha ndiyo anakaa.

Namna mdogo wangu anavyoandika ni hii: hawezi kuandika jambo mpaka alione linafanyika. Kijana wa kitabuni akitaka kupanda ngazi, Fundi alipanda ngazi. Akitaka kununa, Fundi alinuna. Nilimshonea bugaluu kwa pazia langu la sebuleni, si kwa kupenda. Siku moja mdogo wangu akataka kujua kama mtu aliyevaa bugaluu anaweza kuendesha baiskeli. Fundi akazunguka uani mara moja, vizuri tu. Mara ya pili pindo la suruali likaingia kwenye mnyororo, baiskeli ikaingia kwenye kamba ya nguo, na kamba ikaja chini na kila kilichoanikwa. Fundi akatokea amevaa gauni langu shingoni.

Mdogo wangu akamsogelea na kalamu. "Ulipokuwa unaanguka, ulimfikiria nani?"

"Nilifikiria goti," akasema Fundi.

Wakatazamana. Wakaanza kucheka, na wakacheka kuzidi kiasi cha jambo lenyewe. Mimi nilikuwa naokota nguo. Mtu akiwa anaokota nguo huona mengi.

Kitabuni alinipa na mimi nafasi. Kuna shangazi mkali, mlezi wa binti. Nilimwuliza niigizeje, akaniambia nisiigize, nikae tu nilivyo.

Jumamosi moja Fundi alifika mapema, mdogo wangu yuko dukani anatafuta wino. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Akaniambia maneno ya kwenye kitabu yamemshinda, anataka kusema yake. Akasema tangu mkewe aondoke hajawahi kuona siku iliyo ndefu kama Ijumaa. Nikamwuliza kwa nini Ijumaa. Akasema kwa sababu kesho yake ni Jumamosi, na haifiki.

Mimi si mtu wa kulegea, lakini nilikwenda kumwongezea chai. Nikamwuliza kama anakoroma, akasema siku hizi hana wa kumwambia. Nikamwuliza kama ana madeni, ana ugomvi, ana mwanamke kona fulani. Hana. Basi nikamwambia Jumamosi ijayo aje na mtu wake mzima amposee, nami nitakuwepo.

Mdogo wangu aliporudi nikamwambia palepale mlangoni. "Jumamosi Fundi anakuja na mtu wake kukuposa."

Akaruka. Wino ukamponyoka. "Sura ya tano! Dada, umeifikiria mwenyewe?"

Sharti niieleze sura ya tano. Humo kijana anakuja kuposa, na binti anamkataa mbele ya wazee ingawa anampenda, kwa ajili ya kiburi tu. Kijana anaondoka bila kugeuka nyuma. Sura ya sita binti anajuta mpaka anakonda. Mdogo wangu alikuwa amekwama hapo, hajui kukataliwa mtu kunakuwaje kwa macho. Kwenye simu alikuwa anasikia laini imekatika tu.

Nikamwambia hili si la kitabu. Akasema vizuri sana, hivyo hivyo. Nikamwambia Fundi ni mtu mzima, anakutaka kweli, usimchezee. Akachukua kalamu akasema, "Dada, usibadili sauti, rudia hilo la kumchezea." Nikamwambia kwa mara ya tatu, nikiwa nimesimama, mkono kiunoni. Akaandika mpaka mkono kiunoni. Mimi jambo nikishalisema mara tatu limesemwa. Nikaenda zangu kulala mchana.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuja na shemeji yake, Kinyozi, kaka wa marehemu mkewe, mtu mmoja mfupi mwenye maneno mengi kwa sababu kazini wateja hawawezi kutikisa kichwa. Kinyozi alivaa suti. Fundi alivaa shati lake jeupe na suruali ya kawaida, viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona. Mdogo wangu akatoka chumbani na wigi la afro, gauni fupi la enzi zile linalombana kila mahali, na raizoni zilizomfanya atembee kama anayevuka matope.

"Mbona hukuvaa bugaluu?" akamwuliza Fundi.

"Leo nimekuja na miguu yangu," akasema Fundi.

Mdogo wangu akaandika kiganjani.

Kinyozi akasimama, akasafisha koo, akamwaga maneno. Alianza na siku Fundi alipozaliwa. Akapita kwenye shule, kwenye surua, kwenye kazi ya kwanza, kwenye mabomba yote makubwa aliyowahi kuyafunga, na namna alivyomtunza marehemu mkewe, dada yake Kinyozi, alipokuwa mgonjwa. Hapo Kinyozi sauti ikamkatika, akanywa chai. Kisha akasema shemeji yake anamtaka huyu mwanamke, kwa heshima, kwa maisha yote yaliyobaki.

Nikamwambia mdogo wangu ajibu, na nikamkazia macho kwa namna ambayo hata mlango ungeelewa.

Akanyanyuka. Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Bwana, moyo wangu ni nyumba isiyopangishwa. Nenda, na njia uliyojia isikumbuke nyayo zako."

Kinyozi alikuwa na biskuti njiani kuelekea mdomoni, ikabaki hapohapo.

Fundi akaweka kikombe chini. Akauliza taratibu, "Hilo ni lako au la kitabu?"

Na yeye, mjinga wa mama yangu, akadhani swali hilo Fundi amelibuni kwa ajili ya kitabu. Nilimwona macho yanang'aa kwa furaha. Akajibu, "Ni langu. Limetoka chini kabisa ya moyo."

Fundi akachukua kofia yake. Akanishukuru kwa chai. Akatoka, na akafunga mlango.

Kinyozi alimalizia biskuti akiwa amesimama, maana ameshaishika. Akasema amehudhuria posa nyingi na hajawahi kuona mtu anakataliwa kwa Kiswahili kizuri kama kile. Akamfuata shemeji yake.

Mdogo wangu akapiga makofi. Umeona mabega yalivyoshuka? Umeona alivyoivaa kofia nyuma mbele? Nikamwambia umemkataa mtu na hatarudi. Akasema ndiyo, sura ya sita harudi. Akakimbilia chumbani, raizoni moja ikabaki sebuleni. Nilitaka kumfuata nikamvue wigi kwa nguvu, lakini mimi ni dada mkubwa, siyo yaya.

Akaandika sura ya tano kwa mkupuo mmoja. Mchapishaji alipoisomewa kwenye simu akasema sasa huyu ni mtu, nimeona viatu vyake, nataka kulia. Mdogo wangu akatembea nyumbani kifua mbele kama jogoo.

Jumamosi iliyofuata akaweka vikombe vitatu. Fundi hakuja. Akasema amelielewa somo. Jumamosi ya baada ya hiyo akaweka tena vikombe vitatu, akakaa dirishani, akasema anatazama hali ya hewa. Chai ikapoa. Sura ya sita haikuandikika. Alikuwa anaandika mstari, anaukata, anauliza saa ngapi. Kisha nikamkuta anashindilia maganda ya viazi kwenye sinki kwa mwiko. Nilipomwuliza akasema limeziba, aitwe fundi.

Akaja fundi mwingine, mwanamume wa kitambi aliyesema ametumwa na Fundi Bomba. Mdogo wangu akamwambia kwa sauti ya unyonge akaze bomba polepole. Yule akajibu, "Mama, nikikaza polepole litavuja haraka." Akamaliza, akaondoka na matope yake.

Ndipo mdogo wangu akaja akakaa kando yangu. "Dada, Fundi amekasirikia nini?"

"Ulimkataa."

"Nilimkataa kwenye kitabu."

"Yeye hakuwa kwenye kitabu. Alikuwa kwenye kiti."

Nikaona linamwingia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Akavua miwani. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia nilikuambia, ukasema nisibadili sauti. Akanyanyuka akatoka nje vilevile alivyo, nami nikamfuata kwa fimbo yangu ya kutembelea, maana jambo kama hilo silikosi.

Njia nzima midomo ilikuwa inamcheza. Alikuwa anatunga. Mtaa wa nyuma kuna bomba la kuchotea maji, na siku hiyo lilikuwa limeharibika. Fundi alikuwa amechuchumaa amelifungua, na wanawake wamepanga foleni ya ndoo mpaka kona, kila mmoja na ushauri wake wa namna ya kulitengeneza. Mdogo wangu akapita foleni yote. Mama mmoja akamwambia akasimame nyuma kama wenzake. Akasema hana ndoo. Hapo wote wakageuka, maana mtu aliyekuja bombani bila ndoo ana lake jambo.

Akasimama mbele ya Fundi, akaweka mkono kifuani, akaanza: "Ewe uliyeondoka na jua la nyumba yangu..."

"Huyu anasoma taarifa ya habari," akasema mama mwenye ndoo ya kijani.

Fundi hakuinua kichwa. "Hiyo ni sura ya ngapi?"

Mkono ukashuka kutoka kifuani. Nimemjua tangu anazaliwa na sijawahi kumwona amekosa neno. Hata akilia huwa anapanga. Sasa alikuwa amefungua mdomo na hakuna kinachotoka. Wanawake wakangoja. Nami nikangoja, kwa sababu nilijua Fundi akisimama na kuondoka safari hii, mdogo wangu atarudi kwenye sauti zake mpaka tumzike.

"Haimo," akasema mwishowe. "Haimo kwenye sura yoyote. Nilisikia yote yaliyosemwa siku ile. Kila neno. Nikasema haiwezekani mtu aje na viatu vilivyopigwa rangi kwa ajili yangu mimi, na umri huu na miwani hii. Nikaona ni rahisi kuamini ni kitabu."

Fundi akainua kichwa.

"Sina cha kuongeza," akasema mdogo wangu. "Huwa naongeza, lakini leo sina. Njoo."

"Njoo wapi, atuache hatuna maji?" akauliza wa ndoo ya kijani. Mwenzake akampiga kiwiko anyamaze.

Fundi akaangalia spana yake, akamwangalia. Akamwambia, "Shika hapa." Akamshika mkono akauweka juu ya paipu, akamwonyesha pa kukandamiza. Mdogo wangu akakandamiza kama anayezuia mji usizame. Fundi akageuza kitu chini, na maji yakaruka juu, yakampata usoni, yakampata Fundi, yakapata foleni, yakanipata na mimi niliyesimama mbali kwa heshima zangu. Hakuachia. Alikuwa amefumba macho, miwani imeninginia kwenye sikio moja, anauliza kwa sauti kubwa kama bado ashike.

"Bado," akasema Fundi, ingawa mimi nilimwona ameshamaliza kukaza. "Shika tu. Jumamosi nitakuja peke yangu, Kinyozi nitamfungia dukani. Utanijibu nini?"

"Nitajibu ndiyo," akasema mdogo wangu, maji yakimwingia mdomoni.

"Jibu sasa hivi basi," akasema mama wa ndoo ya kijani, "mkasimame kule mbele, sisi tuchote."